Mtu akianguka ghafla, simu inaweza kusaidia nini kabla ya hospitali?

Baba Zai: Wadau habarini. Mwezi uliopita baba mkwe alianguka pale barazani, alikuwa ndo anavua kandambili atie udhu, tukamwita haitiki, anakoroma tu kwa mbali mbali. Tukammwagia maji, tukampepea, tukampakia kwenye bajaji, foleni dakika ishirini, tunafika tunaambiwa keshafariki. Inaniuma mpaka leo. Hivi hizo mashine za kushtua moyo ni kweli hata asiye daktari anaweza kuzitumia? Na sisi wenye simu tu tungefanya nini?

Nesi wa Zamu: Pole sana kaka, Mwenyezi Mungu amrehemu. Huko kukoroma kwa mbali sio kupumua, mara nyingi moyo unakuwa umesimama, na wengi wanadanganyika hapo hapo. Hajibu, hapumui vizuri, mlaze chali sakafuni, piga simu ya msaada weka spika iache chini, viganja viwili katikati ya kifua bonyeza sentimita 5 hadi 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na kifua ukiachie kirudi. Simu ina programu za metronomu za bure, weka 110 inakugongea tik tik tik we unafuata, nafundishia vijana mtaani na wanaipata haraka sana. Kwenye bajaji huwezi, hakuna pa kumlaza. Mashine yenyewe ndio, inaongea, unabandika zile pedi inapima moyo, kama hauhitaji shoti haitoi. Ila kila dakika bila mikono wala shoti nafasi ya kupona inashuka kama asilimia 7 hadi 10.

Mbongo Sweden: Huku Trollhättan Desemba 2021 mzee wa miaka 71 alianguka akisafisha theluji nje kwake, droni ikaleta mashine kwa dakika tatu na kitu, akashtuliwa kabla ambulansi haijafika na akapona. Lakini droni ilikuta daktari aliyekuwa anapita na gari keshaanza kukandamiza kifua.

Mama Seli: Mbona hapa kwetu Tanzania tuna huduma ya m-mama, mjamzito au kichanga akizidiwa unapiga 115 bure, mfumo unatafuta gari la karibu hata la dereva wa kijijini, analipwa kwa simu. Wapanue na kwa moyo jamani!

Baba Zai: Asanteni mno. Dada nesi, kufanyia mazoezi mto unatosha? Ijumaa nataka nikae na vijana wa hapa nyumbani.

Nesi wa Zamu: Unatosha, uwe mgumu na uwe chini sio kitandani. Na mpokezane kila dakika mbili, mikono inachoka kuliko unavyodhani.