Mkurugenzi wa halmashauri: aajiriwe na madiwani au aendelee kuteuliwa na Rais?

Kibatari: Wakuu, mkurugenzi anateuliwa na Rais, DC (mkuu wa wilaya) anateuliwa na Rais, diwani tunampigia kura sisi. Sasa madiwani wakisema zahanati kwanza, simu ikapigwa kutoka Dodoma kwamba jengo la utawala kwanza, mkurugenzi atamsikiliza nani? Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka gani haya?

Ngosha wa Ziwa: Yaani diwani ambaye sheria inamtaka ajue kusoma na kuandika tu, ndiye amfanyie usaili mtu mwenye shahada ya pili? Tutaletewa mashemeji watupu.

Mama Kata: Mimi ni diwani, darasa la saba, na sijifichi. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka tunasoma fedha za mashine za POS, zile za kukusanyia mapato, ambazo hazikufika benki. Zile mashine anakaa nazo diwani?

Ngosha wa Ziwa: Mama, sijakutaja. Ila bajeti anapitisha nani? Kabrasha nene kama Biblia, saa sita mchana mmeshapitisha, mnaulizia posho.

Mama Kata: Kabrasha tunaletewa usiku wa kuamkia kikao. Na anayelileta ni huyo huyo wa shahada ya pili. Kuhusu posho nyamaza kabisa, mafuta ya pikipiki kuzunguka vijiji hunijazii wewe.

Jicho Pembeni: Mnagombania vyeti wakati fedha zimeondoka. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri, TRA, mamlaka ya mapato, wakakabidhiwa 2016, sasa inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme. Mishahara ya walimu na wauguzi inatoka Hazina. Anayekulisha ndiye anayekupangia. Hata mkiajiri malaika, atapiga magoti Hazina.

Mpangaji Sugu: Afadhali umetaja LUKU! Nyumba si yangu, kodi ya jengo nalipa mimi kila mwezi. Ilianza 1,000, ikawa 1,500. Haki iko wapi?

Ngosha wa Ziwa: Si unamkata mwenye nyumba kwenye pango?

Mpangaji Sugu: Umewahi kuishi Mbagala wewe? Mwambie mwenye nyumba umemkata 1,500 uone kama hujalala nje.

Mzee wa Azimio: Vijana, haya tulishayajaribu. Mwalimu Nyerere alizifuta halmashauri mwaka 72, wakaletwa wataalamu kutoka wizarani, kila kitu Madaraka Mikoani, ndivyo sera ilivyoitwa. Mitaro mijini ikaziba, kipindupindu kikaingia. Zikarudishwa mwaka 84.

Jicho Pembeni: Za mijini zilirudi 1978, mzee. Sheria Na. 7 na Na. 8 za serikali za mitaa ndizo za 1982.

Mzee wa Azimio: Wewe ulikuwa umezaliwa?

Jicho Pembeni: Gazeti la Serikali halihitaji niwe nimezaliwa.

Kibatari: Jamani, swali langu. Februari 2021 Rais Magufuli alivunja Jiji la Dar es Salaam, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Meya na madiwani walisikia habari kama sisi.

Ngosha wa Ziwa: Lile Jiji lilikuwa limekaa juu ya manispaa tano, halina eneo lake, linasubiri michango. Mimi nilishangilia. Na bado hujaniambia mkurugenzi akiwa ndugu ya mwenyekiti wa halmashauri nani atamtoa.

Kibatari: Hao hao waliomwajiri. Na huyu wa sasa akiharibu, unajua anakwenda wapi? Anahamishiwa wilaya ya pili.

Mama Kata: Hapo umenena. Sisi tukimkataa tunaandika muhtasari, muhtasari unapanda TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, unakaa.

Mpangaji Sugu: Samahani, nyumba yetu ina mita tatu na zote zinakatwa. Nimwone nani?

Mama Kata: Jengo moja, mita moja ndiyo ikatwe. Mwenye nyumba aende TRA atoe taarifa.

Mpangaji Sugu: Mwenye nyumba yuko Mwanza, simu yangu hapokei tangu nimdai bati.

Ngosha wa Ziwa: Ukimpigia mwambie unataka kumwongezea pango.