Big Island, Hawaii: mama anataka makanisa, bahari hataki

Binti_Kibosho: Tumsifu Yesu Kristu. Mwezi ujao namleta mama Big Island siku nne, tutafikia Kailua-Kona. Ana miaka 71, ni WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania) wa damu, na goti la kulia linamsumbua. Bahari anasema aliiona Tanga ikamtosha. Anataka makanisa ya zamani na Misa ya Jumapili. Kiingereza hajui. Nianzie wapi, asije akashinda kwenye gari anasali rozari?

FundiBomba_Hilo: Milele amina. Mimi fundi bomba, huu mwaka wa tisa, kazi inanizungusha kisiwa kizima. Mpeleke St. Benedict, Honaunau, kusini ya Kona. Kwa nje ni kijumba cheupe cha mbao, utadhani kigango cha kwetu. Ingia sasa! Padre mmoja Mbelgiji, John Velghe, alichora ndani kuanzia 1899 hadi 1904, kuta na dari. Picha ndizo zilikuwa katekisimu yake: Kaini na Abeli, Shetani akimjaribu Yesu, Mtakatifu Fransisko akipokea madonda ya Yesu, jehanamu nayo ipo. Kiingereza cha nini hapo? Mama ndiye atakayekueleza wewe.

Kwanza mkalisheni benchi la nyuma kabisa. Ukuta wa nyuma ya altare umechorwa kuiga kanisa kuu la Burgos, Hispania, kwa hiyo ukiwa mbali unaona kama kanisa linaendelea ndani kwa ndani. Ukisogea, ni ukuta tu. Mimi nilinyoosha mkono nihakikishe, kama mtoto, bibi mmoja akanikoholea. Nguzo zina maneno ya Kihawaii, na kule juu zinachanua makuti mpaka kwenye anga iliyochorwa darini. Makuti, jamani! Mtu katoka Ubelgiji akatazama minazi ya watu akaiingiza kanisani.

Mlei_Kona: Na Star of the Sea ya Kalapana? Nayo imechorwa. Mwaka 1990 lava ya volkano ya Kilauea ilipokuwa inakuja, watu walilipakia kanisa zima kwenye gari wakalihamisha. Kijiji chenyewe kikafukiwa. Halafu Mtakatifu Damian alianzia utume wake huko Puna, wilaya yenye Kalapana, 1864, kabla ya kwenda kwa wagonjwa wa ukoma kisiwa cha Molokai.

FundiBomba_Hilo: Kweli, ila msiende kutafuta Misa. Siku hizi si parokia, ni pa kutembelea. Mimi nilikwenda Jumapili na suti na tai, nikakuta mabenchi, ukimya na watalii wawili wenye kaptula wakaniomba niwapige picha. Tena kutoka Kona ni zaidi ya saa mbili kwa gari. Kwa goti hilo, unganisheni safari hiyo na kijiji cha Volcano, mpumzike njiani. Misa salini Honaunau, au St. Michael pale pale Kailua-Kona. Ratiba pigeni simu parokiani mwulize, msiamini mtandao.

Binti_Kibosho: Asanteni sana, kaka zangu. Nimemsomea mama yote. Kitenge cha WAWATA kimeshaingia begini. Ameuliza kitu kimoja tu: hiyo jehanamu imechorwa upande gani, asije akakalishwa karibu nayo?

FundiBomba_Hilo: Upande sikumbuki, dada. Mwambie akae katikati.