Maporomoko, Skramu au Kanbani kwa kazi ya kutengeneza programu: tuko wanne, bei ya mkataba haipandi. Mnashauri ipi?

Fundi_wa_Ziwani (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Tuko wanne hapa Mwanza: watatu wanaandika programu, na mimi nusu siku naandika msimbo, nusu nyingine napokea simu za mteja. Tumepata kazi ya SACCOS moja yenye wanachama kama 900. Wanataka hisa, akiba, mikopo, marejesho kwa simu na ripoti za kufunga mwezi. Kwa sasa kila kitu kiko kwenye mafaili ya Excel na daftari la mhasibu. Muda ni miezi mitano, bei ni moja na haipandi.

Kazi iliyopita ilitutesa. Tulichukua mahitaji siku mbili, tukajifungia miezi minne, tukatoka na mfumo ambao mteja aliutazama dakika kumi akasema, "Mbona sisi hatufanyi hivi?" Tukarekebisha miezi mitatu bila senti tano.

Naona njia tatu mezani. Maporomoko: mahitaji yote kwanza, kisha usanifu, kisha kuandika, kisha majaribio, na hakuna kurudi nyuma. Skramu, kwa sprinti, yaani vipindi vifupi vya kazi, za wiki mbili. Au Kanbani, ubao wa safu na kadi basi, kila kadi ni kazi moja. Naomba aliyefanya, siyo aliyesoma tu, anishauri. Nawasilisha.

MzeeWaSeva

Mkuu, pole. Ila kuchukua mahitaji siku mbili hakuitwi maporomoko, kunaitwa haraka.

Maporomoko yanasingiziwa mengi. Watu humtaja Winston Royce, mhandisi wa programu, na makala yake ya 1970 kana kwamba ndiye aliyetuamuru tushuke ngazi moja moja bila kugeuka. Yeye mwenyewe alichora ule mchoro kisha akaonya kuwa kufanya hivyo ni hatari, kwa sababu majaribio yanakuja mwisho na ndiyo yanayofichua makosa ya usanifu. Akashauri mfumo mpya ujengwe mara mbili, wa kwanza uwe wa kujifunzia. Hata neno lenyewe la maporomoko halimo kwenye makala ile.

Kwa SACCOS ningetumia maporomoko kwenye sehemu moja tu: hesabu. Riba, makato, gawio la hisa. Hivyo viandikwe, visainiwe, ndipo mtu aguse kibodi. Rangi ya kitufe mtaibadilisha hata siku ya mwisho.

binti_kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mimi ni Skramu, na nina sababu.

Tatizo lako ni kwamba mteja aliuona mfumo mara moja tu, mwishoni. Skramu inamlazimisha auone kila baada ya sprinti. Asipopenda, mmepoteza wiki mbili, si miezi minne. Sisi tulikuwa watano, na kila Ijumaa ya pili tulikuwa tunamkalisha karani wa mteja mbele ya skrini, tunamwambia afanye kazi yake ya kawaida, nasi tunanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu! Mkono unawasha kumwonyesha pa kubofya. Lakini akikwama, mmeshajua kazi ya wiki ijayo.

Ila msijibebeshe ibada yote. Kikao cha kila siku kisizidi dakika 15, ndivyo mwongozo wa Schwaber na Sutherland, waanzilishi wa Skramu, unavyosema. Nimeona timu ya watu wanne ikikaa saa nzima kila asubuhi ikimripotia bosi, halafu wanaita Skramu. Hiyo ni baraza la mzee wa mtaa.

Kigumu kwako ni mwenye bidhaa. Skramu inataka mtu mmoja, na kwenu ni vizuri awe wa upande wa mteja, mwenye kauli ya mwisho: hiki kwanza, hiki baadaye. SACCOS ina bodi, ina meneja, ina kamati ya mikopo. Usipopata jina la mtu mmoja kwa maandishi, kila sprinti itakuja na amri tatu zinazopingana.

Kadi_Tatu

Nampinga dada kidogo. Skramu ni nzuri timu ikiwa na kazi moja. Mleta mada, nina hakika mnazo na kazi za wateja wa zamani: huyu seva imelala, yule hawezi kuchapisha risiti. Unapanga sprinti Jumatatu, Jumatano imeshavunjika.

Kanbani inakubali ukweli huo. Siri yake si ubao, kila mtu ana ubao. Siri ni ukomo wa kazi zilizoanzwa. Hesabu ni ndogo: mkiwa na kadi 12 zinazofanyiwa kazi kwa pamoja na mnamaliza 3 kwa wiki, kila kadi inakaa wastani wa wiki 4. Zikate ziwe 6, kasi ikibaki ileile, kadi inatoka kwa wiki 2. Hamjaongeza mtu wala saa.

Sisi tuliandika "TATU TU" kwa maka pen nyekundu juu ya safu ya katikati, ile ya kazi zinazoendelea. Ndiko jina langu lilikotoka. Wiki ya kwanza vijana walininunia, maana mtu akikwama alitaka aanze kingine. Hapana, kaa na mwenzako mmalize hicho.

Ubaya wake ni kwamba Kanbani haina tarehe. Mteja akiuliza "lini?", ubao haujibu mpaka uwe na takwimu za wiki kadhaa.

Nyundo

Mnabishana juu ya sufuria wakati kuni hazipo. Bei haipandi, muda haupandi. Basi kitakachopungua ni kazi. Asipopunguza mteja mapema kwa hiari yake, mtapunguza nyinyi mwishoni kwa siri, na kwa kawaida kinachokatwa ni majaribio.

Kwa hiyo nendeni kwenye mkataba kwanza. Gawanyeni malipo kwa vitu vinavyoonekana, si kwa miezi. Kwa mfano: usajili wa wanachama na akiba vikifanya kazi kwa data yao halisi, awamu ya kwanza inalipwa. Mikopo, awamu ya pili. Marejesho kwa simu, ya tatu. Na wekeni kifungu cha kubadilishana: mteja akitaka kipya, achague cha ukubwa uleule kitoke, au alipe. Bila kifungu hicho, hata mkiita Skramu, Kanbani au tambiko, mtafanya kazi bure.

Jingine, marejesho kwa simu msiyaache mwisho. Vibali vya kuunganishwa na mitandao ya simu vinafuata ratiba ya watu wengine. Ombeni wiki ya kwanza, hata kama mtavitumia mwezi wa nne.

MzeeWaSeva

Nyundo kagusa penyewe kuhusu majaribio. Marekani walizindua HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununulia bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2013, na siku ile waliofanikiwa kujiandikisha mpaka mwisho walikuwa sita. Sita, nchi nzima! Wakandarasi waliliambia Bunge lao kwamba majaribio ya mfumo mzima kwa pamoja yalianza kama wiki mbili tu kabla ya kuzindua. Kila kipande kilikuwa kimejaribiwa kwao, lakini vilipokutana havikusalimiana.

Fundi_wa_Ziwani

Asanteni wakuu. Swali la nyongeza: tukiona mwezi wa nne tunachelewa, si bora tuchukue vijana wanne wa mkataba?

MzeeWaSeva

Usithubutu. Fred Brooks alisimamia OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa, pale IBM, na mwaka 1975 akaandika kwamba kuongeza watu kwenye kazi iliyochelewa kunaichelewesha zaidi. Watu wanne wana njia 6 za mazungumzo kati yao. Wakiwa wanane, 28. Na hao wapya watafundishwa na nani? Na walewale wanne waliochelewa.

Mhasibu_Mstaafu

Wanangu, mimi si mtu wa kompyuta, nimefanya hesabu za SACCOS miaka mingi na nimeletewa mifumo miwili ya vijana kama nyinyi. Nina neno.

Mtauliza, "Riba ni asilimia ngapi?" Mtajibiwa 12 kwa mwaka. Mtaandika 12, mtaondoka. Hapo ndipo mnapoharibu. Mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12: kwa riba ya moja kwa moja, inayopigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, mwanachama analipa riba 144,000. Kwa riba ya salio linalopungua, akirudisha 100,000 ya mtaji kila mwezi, analipa 78,000. Tofauti ni 66,000 kwa mtu mmoja, na asilimia ni ileile 12. Mfumo wa kwanza tulioletewa ulikuwa na ya kwanza, sisi tulitumia ya pili. Wanachama walijaa mlangoni.

Kwa hiyo msiniulize maswali. Nipeni mikopo kumi ya zamani iliyokwisha kulipwa, niwaonyeshe kwenye daftari ilivyokwenda mwezi kwa mwezi. Mfumo wenu ukitoa tarakimu zilezile kumi kwa kumi, nitasaini.

Na siku ya kuhamia, msitupokonye daftari. Tuendeshe vyote viwili kwa pamoja walau tufunge miezi miwili. Salio likitofautiana hata shilingi mia, tutafute.

binti_kisauni

Shikamoo mzee. Hiyo ya mikopo kumi naiiba. Inafaa kuwa ndiyo maana ya "imekamilika" kwenye kadi ya mikopo.

Fundi_wa_Ziwani

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nilivyoelewa kwa hali yetu: hesabu zisainiwe kwanza kama alivyosema MzeeWaSeva, mteja aone kazi kila wiki mbili, na ndani ya timu tutumie ubao wenye ukomo, maana ni kweli wateja wa zamani wanatupigia kila siku. Sprinti kamili sitaziweza. Mkataba bado haujasainiwa, leo usiku naandika kile kifungu cha kubadilishana.

Mhasibu_Mstaafu

Marahaba. Ila hujasema: mwanachama akifariki akiwa na mkopo na akiba, na mdhamini wake naye ana mkopo, mfumo wenu unafanyaje?

Fundi_wa_Ziwani

Mzee, kadi hiyo hatuna kabisa. Kesho asubuhi naenda kwa mhasibu wao na daftari langu.