Tupeane uzoefu: umewahi kuufuata mto mdogo kwa miguu, kutoka chanzo hadi mwisho wake?

Wakuu, mito mikubwa imeshasemwa sana. Leo naomba tuzungumzie vile vijito ambavyo kwenye ramani ni kistari tu.

Naanza mimi. Nilitembea siku mbili, kutoka kwenye chemchemi hadi pale kijito kinapomwaga maji katika mto mkubwa. Huko juu bonde limebana kama herufi V, kwa kuwa mteremko ni mkali na maji yanachimba kwenda chini. Nilivyozidi kushuka mteremko ukapungua, bonde likatanuka, na mto ukaanza kujipinda. Kwenye kona ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote. Ukingo wa nje ni gema lililokatika wima, mizizi inaning'inia, chini yake kina kirefu. Ukingo wa ndani ni fungu la mchanga na kokoto. Maji ya nje yanakwenda kasi na kula udongo. Ya ndani yanapoa na kutua mzigo. Siku hizi nikitaka kuvuka natafuta sehemu iliyonyooka kati ya kona mbili, maana mara nyingi hapo maji ni mafupi.

Mchangiaji 1: Mkuu, mimi mto ulinifundisha kwa hofu. Tulipiga kambi kwenye tambarare kando ya maji, anga jeupe kabisa. Jioni maji yakageuka rangi ya udongo, yakaanza kuleta vijiti na majani. Mwenzangu aliyekulia bondeni akasema tuhame sasa hivi. Haikupita saa nzima, pale penye hema pakawa mto. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, sisi hatukupata hata tone. Ile tambarare niliyoipenda ilitengenezwa na mafuriko kama yale.

Mchangiaji 2: Nakubaliana. Na usiku hewa ya baridi hushuka toka vilimani ikajaa chini, ndiyo maana ukungu wa asubuhi hulala bondeni.

Mchangiaji 3: Kwetu kuna kidimbwi chenye umbo la mundu katikati ya nyasi. Babu alituambia ulikuwa mto. Nilibisha, hadi nilipoona kona mbili za mto wa sasa zimebakiza hatua chache zikutane. Zikikutana, mto utapita njia ya mkato na kipande kilichojipinda kitaachwa kando kama kidimbwi kile.

Mkuu wa kidimbwi, hizo hatua uliwahi kuzipima? Rudi baada ya masika utuambie zimebaki ngapi.