Jiko la titaniamu la gramu 25 limepinda mkono mmoja, ninyooshe au nitupe?

nyayo_nyepesi
Wadau habari zenu. Nina lile jiko dogo la gesi la kufunga juu ya mtungi, la titaniamu, gramu 25, ukilikunja linapotea kwenye kiganja. Nimelitumia misimu miwili bila shida. Sasa safari iliyopita tulikuwa wanne nikasema nichemshe maji ya wote kwa mpigo, nikaweka sufuria ya lita mbili imejaa, moto nimefungua mpaka mwisho na upepo ulikuwepo, baada ya muda naona sufuria inainamia upande mmoja, kuchungulia chini mkono mmoja kati ya ile inayobeba sufuria umewaka mwekundu na umelegea kama mshumaa. Niliwahi kuipua maji hayajamwagika. Jiko lilipopoa mkono ukabaki umepinda hivyo hivyo, kama milimita 3. Si nasikia titaniamu haiyeyuki mpaka ipite digrii 1,600? Imekuwaje?

fundi_moto
Pole mkuu, yangekumwagikia miguuni tungekuwa tunaongea mengine. Kuyeyuka na kulegea ni vitu viwili. Ni kweli inayeyuka kwenye 1,668 ila nguvu yake inaanza kushuka mapema sana, na ukiona inawaka mwekundu jua imeshapita digrii 500, hapo sio ule ugumu unaoujua ikiwa ya baridi. Halafu titaniamu inapitisha joto vibaya, alumini inaizidi karibu mara 10, kwa hiyo joto linabaki pale pale ncha inapolambwa na moto halitawanyiki. Upepo ukisukuma moto wote upande mmoja, huo mkono unapokea joto la wenzake huku juu kuna zaidi ya kilo mbili. Wembamba wa hiyo mikono ndio uliokupa gramu 25.

Kunyoosha kwa koleo usijaribu, ukirudisha kitu chembamba namna hiyo kikiwa baridi kinaweza kupata ufa pale kwenye mkunjo, siku nyingine kinakatika sufuria ikiwa inachemka.

chai_ya_alfajiri
Mi naomba titaniamu isitukanwe jamani. Langu lina miaka sita na mikono yake imegeuka bluu na zambarau, ile rangi sio kutu, ni utando mwembamba wa oksaidi, hauna madhara yoyote. Napikia sufuria ya mililita 750, moto nusu, na nakaa nyuma ya jiwe. Nachelewa dakika moja hivi lakini gesi inadumu, maana ukifungua yote moto unapita nje ya kitako cha sufuria unapasha hewa tu.

Kilichonisumbua mimi ni kile kimpira cha ndani pale unapofungia mtungi. Kilikauka kikapata nyufa, nikawa nasikia harufu ya gesi jiko likiwa limezimwa. Siku hizi kabla ya safari nafunga mtungi nje ya nyumba, napaka maji ya sabuni pale kwenye kiungo, nikiona mapovu yanakua siendi nalo.

mzigo_kidogo
Naongezea hapo kwenye upepo kwa sababu hili linaumiza watu. Msizungushie mtungi kikinga upepo pande zote, joto likirudi kwenye mtungi unaweza kupasuka. Weka upande upepo unapotokea tu, acha kwingine wazi, na uguse mtungi kila baada ya muda, ukiona una moto zima hapo hapo.

Na nyayo_nyepesi, mkiwa wanne hilo jiko sio la kazi hiyo kabisa. Chukueni la gramu 80 lenye mikono mipana ya chuma cha pua. Mkigawana ni gramu 20 kwa kila mmoja, pungufu ya hizo 25 ulizokuwa unabeba peke yako.

nyayo_nyepesi
Aisee hiyo hesabu sikuwahi kuipiga, kila siku naangalia uzito wa jiko sikuwaza tuko wangapi. Shukrani wote. Nimelipeleka kwenye mwanga sasa hivi nikamulika na tochi ule mkunjo, kuna kamstari kembamba kama unywele kamekatiza upande wa nje, na mimi koleo lilikuwa tayari mezani. Jiko nimelitoa kwenye begi.