Doto anaenda Geita: gumzo la kikundi cha familia

Mama Kulwa: Mwadila jamani. Mwalimu kapiga simu saa hizi, safari ya Doto ya mashindano ya ngoma za shule Geita imethibitishwa, basi linatoka stendi ya Nyegezi hapa Mwanza jumamosi saa 12 kamili asubuhi na wao wanaingia uwanjani saa 5. Kila mzazi amfungashie wake. Sasa mimi mtoto wa ngoma sijawahi kumfungashia, nimemwaga kila kitu kitandani hata sijui nianzie wapi

Mjomba: Hongera sana kwa mpwa wangu!! Ila saa 12 si watafika mapema mno? Siku hizi hakuna tena foleni ya kivuko pale Kigongo, tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 zile kilomita 3 mpaka Busisi unavuka dakika chache tu

Shangazi: Mapema ndo vizuri. Mtoto anatakiwa auzoee uwanja, autembelee peku ajue pana mawe wapi na pana shimo wapi, asije akayajulia hayo katikati ya ngoma

Shangazi: Wifi tupigie picha hivo vitu vya kitandani tuone

Mama Kulwa: [picha]

Shangazi: Hiyo sketi inayometameta ni ya nani

Mama Kulwa: Ya Doto, nimeinunua leo Makoroboi wifi. Nimeona apendeze, kaniki tupu naona kama mtoto atapoa

Shangazi: Hapana wifi yangu, hiyo mwekee ya sikukuu. Bugobogobo ni ngoma ya jembe, watu wanalima mstari mmoja, jaji akitazama anataka aone mguu mmoja, jembe moja, rangi moja, sasa mmoja akimeta peke yake mstari wote unavurugika hata kama ndo anayecheza kuliko wenzake. Avae kaniki ileile ya mazoezi, imeshalainika na kiuno chake kinaijua, kitambaa kipya kinateleza, akiinama mara mbili tu fundo limeachia

Mama Kulwa: Doto yuko hapa anasoma na mimi, anasema hata mwalimu kawaambia wote kaniki 🙏🏾 basi naitoa

Dada Mkubwa: Mama na ule ukanda wa shanga za kichwani? Juzi kwenye mazoezi nilimuona kila akirusha shingo unamshukia machoni, anausukuma kwa mkono jembe linabaki na mkono mmoja

Shangazi: Asante mama umeona mbali. Kichwa kimenyolewa cha shule, shanga hazina pa kushika. Chukua lastiki nyeusi ile ya upana wa kidole, ishonee kwa nyuma pale ukanda unapokutana, halafu ndani pande zote ushonee kipande cha kitambaa cha pamba, sio cha satini, pamba ndo inakamata ngozi. Ukimaliza mwambie aruke na atikise kichwa mpaka achoke. Ukishuka anza upya

Mama Kulwa: Nashona usiku huu huu

Shangazi: Na kila kitu wifi, kila kitu, kijaribiwe mtoto akiwa anacheza sio akiwa amesimama mbele ya kioo. Mtoto akisimama kila nguo inamtosha

Mjomba: Njuga je, maana naona zimelala tu hapo pembeni

Shangazi: Nilikua nakuja huko. Njuga zikifungwa kwenye ngozi tupu zinamchubua hapa mbele ya muundi, na mtoto akishaumia anaanza kukanyaga kwa woga, mlio unakufa. Tafuta soksi kuukuu za shule ukate kule kwenye vidole na kisigino libaki bomba tu, avae hilo kwanza ndo njuga zifungwe juu. Kamba ukague fundo moja moja. Wakati wa kufungasha zizungushie kanga zikae peke yake, ukizichanganya na shanga utafika Geita unafumua nyuzi na saa inaenda

Bibi: Mwadila bana bane. Naandikiwa na huyu mtoto wa jirani

Mama Kulwa: Shikamoo mama

Mjomba: Shikamoo mama

Dada Mkubwa: Shikamoo bibi ❤️

Bibi: Marahaba wote. Mwambieni mjukuu wangu asiangalie upande wa pili. Sisi wa chama cha ngoma cha Bagika tukishindana na wenzetu wa Bagalu kule Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo tulikua tunacheza wote kwa wakati mmoja, hawa huku wale kule, na watu wanakimbilia kule kuliko noga, wenye watu wengi ndo wameshinda. Sasa ukigeuza jicho tu uone wenzako wamepata watu wangapi miguu inakufa hapo hapo. Wengine walikua wanaleta mpaka chatu watu wawakimbilie na sisi tunaendelea kulima tu

Dada Mkubwa: Bibi, Doto anauliza kama Geita watakuwepo na nyoka 😳

Bibi: Hawapo mama. Hizo ni ngoma za Bayeye, wale wacheza na nyoka, watoto wa shule hawachezi na nyoka

Shangazi: Na huko ni zamu kwa zamu, majaji wanaandika maksi. Lakini alichosema mama ni kweli kabisa, wakati wenzao wanacheza Doto akae akiwa amewapa mgongo anywe maji

Mama Kulwa: Chakula sasa. Nilikua nafikiria nimpe hela anunue chipsi kuku hapo hapo

Bibi: CHIPSI ASUBUHI

Shangazi: Wifi hapana jamani, mafuta yale na kuruka kule atatapika. Uji kabla hajatoka nyumbani, kidogo tu sababu ya basi, halafu mfungie matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga, vinatulia tumboni na havimwagiki. Akishamaliza kucheza ale hizo chipsi mpaka aridhike, atakua amezilipia

Bibi: Matobolwa ninayo mapya, na michembe ile ya viazi vibichi vilivyokaushwa. Mtu apite

Mjomba: Napita mimi kesho mama nikitoka kazini

Mama Kulwa: Haya wabeja, asanteni. Kopi ya cheti cha kuzaliwa nimeshatoa, wanaangalia umri, na kadi ya bima. Plasta, sindano na uzi, pini, sweta la asubuhi. Vyote naviweka kwenye begi la shangazi kaja lile la bluu

Shangazi: Sweta na shuka sawa. Ila kaniki, shanga na njuga viwe kwenye begi dogo la mgongoni, alipakate mwenyewe njia nzima. Msikubali konda aliweke kwenye buti hata akipiga kelele, huko chini kuna maboksi ya samaki, barafu ikiyeyuka kaniki inanuka sato mpaka wiki ijayo, na basi likiharibika njiani mkahamishwa, cha kwenye buti kinaachwa nyuma

Mjomba: Na ngoma yenyewe? Ile kubwa haipakatiki

Shangazi: Hiyo ni ya mwalimu, ila wewe kama unaenda mkumbushe. Ngozi ikilala kwenye unyevu wa ziwa inalegea, unapiga inasema bu bu kama gunia. Wakifika waiweke juani ngozi iangalie jua, hakuna jua wawashe nyasi kidogo pembeni waipashe, waipige kwa vidole mpaka iitike. Isikaribie moto sana itapasuka

Mjomba: Naenda. Kulwa nae analia anataka kwenda, nitapanda nae basi linalofuata, Doto awe na watu wake wa kumshangilia

Mama Kulwa: Kaka umenisaidia sana, alikua hajala tangu mchana

Shangazi: Jambo la mwisho na ndo linaniogopesha kuliko yote. Jembe. Wanalirusha juu wanalidaka, sasa mpini ukikauka jembe linalegea likifika juu linachomoka lenyewe na pale wamepangana watoto 12. Lisilowekwe kwenye maji, huo ni uongo wa muda, jua la saa 5 likiupiga mpini umerudi vilevile. Ligongwe kabari ya mti mgumu, halafu makali yote yapigwe tupa yawe butu

Baba Kulwa: Habari za jioni, ndo nimetoka kazini nimesoma zote. Boda nimeshaongea nae saa 10 na nusu alfajiri yuko mlangoni. Jembe liko wapi? Tupa ninayo

Mama Kulwa: Nyuma ya mlango wa jikoni. Na la mtoto wa jirani mwenzake lipo hapo hapo, gonga yote mawili