Mnaosema tuige vizimba vya Norway, njooni muone chawa huku

Wakuu, kila ukifunguliwa uzi wa ufugaji wa samaki hapa hakosi mtu wa kuandika "Norway wameweza, sisi tunangoja nini?" Leo nimechoka. Huku pwani ya magharibi ya Norway naishi mwaka wa tisa sasa.

Jumamosi nilishuka pale mto unapoingia baharini. Nikakuta trauti (samaki wa mtoni anayeshuka baharini kula) kajilaza kwenye maji ya kina cha goti, hana hata nguvu ya kukimbia kivuli changu. Nikamkamata kwa mkono. Kichwa kikubwa, mwili umekonda kama rula, pezi la mgongoni limetafunwa. Chawa wa samaki, vimelea wa kahawia, wamejipanga mgongoni, wengine wanaburuta nyuzi mbili mbili za mayai. Nikahesabu: 31. Nikamwachia. Samaki huyu Juni alitakiwa awe baharini ananenepa. Karudi mtoni mapema kwa sababu chawa hao hawahimili maji yasiyo na chumvi. Kakimbia na njaa yake.

Chawa wapo tangu enzi, sikatai. Lakini zamani watoto wa samaki wakitoka mtoni kushuka baharini walikuta pwani ina samaki wakubwa wachache, na chawa wachache. Sasa wanapita katikati ya vizimba vilivyojaa salmoni mwaka mzima. Kizimba kimoja kinaruhusiwa samaki 200,000. Sheria inasema wastani usizidi chawa jike mkomavu 0.5 kwa samaki, na kwa wiki kadhaa watoto wanaposhuka, 0.2. Ukisikia unaona kali kweli. Haya, toa kikokotoo: 0.2 mara 200,000 ni majike 40,000, kila mmoja na mayai mamia, kizimba kimoja tu, na yote HALALI! Yakianguliwa, wavu hauzuii kitu, mkondo unayasomba.

Na serikali inajua. Tangu 2017 pwani imegawanywa kanda 13 zenye rangi kama taa za barabarani. Chawa wakiua sana salmoni wa mwituni, kanda inawekwa nyekundu na wafugaji wanapunguziwa uzalishaji asilimia 6. Sita! Juni 2024 salmoni waliorudi mitoni walikuwa wachache mno, mito 33 ikafungwa katikati ya msimu. Sisi wa ndoano tulipunguziwa asilimia mia. (Najua bahari nayo imebadilika, msinirukie.)

Wa Mwanza na Kisumu msinijibu kwamba chawa huyu hawezi kuishi Ziwa Victoria. Hawezi, ndiyo. Ila sato naye ana vimelea vyake, na wa kizimbani na wa ziwani wanaoga maji yaleyale. Nani anawahesabu wale wa nje?

Maana mimi niliwaandikia wenye vizimba vya jirani, nikaambatanisha picha. Jibu mistari miwili: kipimo cha wiki iliyopita kiko ndani ya kiwango. Kiwango cha samaki wao. Yule wangu wa chawa 31 hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.